Mwaka Mpya Times Square: Maswali ya Wasomaji

Swali: Mimi na mke wangu tumeweka akiba kwenda New York kuona Mwaka Mpya ukiingia pale Times Square. Tufike saa ngapi, tuvae nini, na ni kitu gani huwashinda watu? – Msomaji, Kasarani

Jibu: Ndugu yetu, kinachowashinda wengi ni kusimama. Kuingia ni bure na hakuna tiketi, kwa hivyo nafasi ni ya anayewahi. Polisi hufunga Broadway na Seventh Avenue, wakagawanya barabara kwa vizuizi vya chuma kuwa vizimba, kisha wakavijaza kimoja kimoja kuanzia karibu na jengo la One Times Square, ambalo juu yake tufe kubwa la taa hushushwa Mwaka Mpya ukiingia, kuelekea kaskazini. Huchagui pa kusimama. Unapanga foleni upande wa Sixth au Eighth Avenue, unapekuliwa, unaelekezwa kizimbani. Mabegi ya mgongoni, miavuli na pombe haviruhusiwi. Ukitoka, nafasi imekwenda, na ndani hakuna choo.

Lengeni kuwa kwenye foleni kabla ya saa nane mchana. Anayefika jioni husukumwa mbali upande wa Central Park, ambako tufe la taa huonekana kama nukta, au hukuta njia zimeshafungwa.

Sasa pigeni hesabu ya saa. Majira hayo New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Saa nane mchana yao ni saa nne usiku yetu, na saa sita usiku yao ni saa mbili asubuhi yetu. Miili yenu itasimama usiku mzima wa Nairobi, kama kesha la kanisani lisilo na benchi wala chai. Ndiyo maana tunasisitiza mtue angalau siku tatu kabla. Anayetua tarehe 30 huanza kusinzia saa kumi jioni, na tufe lenyewe hupandishwa mlingotini saa kumi na mbili. Hushuka dakika moja tu kabla ya saa sita, na limekuwa likishushwa kila mwaka tangu usiku wa kuamkia 1908, isipokuwa 1942 na 1943 taa za mji zilipopunguzwa kwa sababu ya vita.

Baridi nayo haitabiriki. Tarehe 31 Desemba 2017 ilifika karibu nyuzi 12 chini ya sifuri. Miaka mingine hunyesha, basi bebeni koti jepesi la plastiki lenye kofia. Baridi huanzia miguuni. Nunueni buti za soli nene, saizi moja zaidi, ili soksi nzito za sufu ziingie bila kubana, kwa sababu kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni na hapo ndipo ganzi huanza. Kipande cha katoni cha kusimamia husaidia kuliko soksi ya tatu, maana lami ndiyo hufyonza joto la nyayo.

Mwilini vaeni tabaka tatu: vazi la ndani lisilo la pamba (pamba hunyonya jasho la kutembea kisha hubaki na unyevu), sweta la sufu, halafu koti lililojazwa manyoya na kushonwa kwa miraba, linalozuia upepo na kufika mapajani. Koti kama hilo hupatikana kwenye masoko ya mitumba ya Nairobi, Gikomba au Toi. Lifungueni na kulifunga zipu mara kadhaa, mvute mishono ya kwapani, kisha mpapase kila mraba wa koti. Mkikuta manyoya yameganda mabonge pembeni na katikati pamebaki kitambaa kitupu, liacheni, kwa kuwa upepo utapita hapo hapo.

Kuhusu choo, msijinyime maji siku nzima, mtaumwa kichwa. Kunyweni kama kawaida asubuhi, kisha mafunda madogo tu, na muache chai, kahawa na soda. Wapo wanaovaa nepi za watu wazima, na hatuoni aibu yoyote hapo. Chakula kiwe cha mfukoni: karanga, mkate, ndizi.

Betri ya simu huisha haraka kwenye baridi, basi simu na pawabenki vikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Mtandao nao huelemewa. Andikeni anwani ya hoteli kwenye karatasi, kila mmoja yake, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana. Saa sita ikigonga msikimbilie stesheni ya treni iliyo karibu. Njia zake nyingi huwa zimefungwa na msongamano huwa mkali. Tembeeni hadi mvuke barabara kumi au zaidi ndipo mpande.

Swali: Kuna wakala anauza "pasi ya eneo la mbele" Times Square. Ni halali? – Msomaji, South B

Jibu: Usimpe hata shilingi. Eneo la wazi halina pasi. Kinachouzwa kihalali ni karamu ndani ya mikahawa na hoteli za pale, na hata hapo mtego ni mmoja: wengi hulipa pesa nyingi kisha wakakaa ukumbini wakitazama tufe kwenye televisheni. Kabla ya kulipa, taka jibu la maandishi: je, dirisha letu linaliona tufe, na tukitoka nje tutaruhusiwa kurudi?

Swali: Visa na tiketi ya ndege, kipi kitangulie? – Msomaji, Rongai

Jibu: Visa. Jaza fomu ya DS-160 mtandaoni, lipa ada ya maombi ya dola 185, ambayo hairudishwi, kisha uombe tarehe ya mahojiano katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi. Anza mapema sana mwaka wa safari, maana tarehe za karibu huwahiwa. Hoteli iwe ile inayokubali kufutwa bila gharama. Ndege ya moja kwa moja kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi uwanja wa JFK, New York, huchukua takriban saa 15.

Swali: Nataka kumpeleka mwanangu wa miaka sita na mama yangu mwenye presha na kisukari. Unanishauri nini? – Mama, Umoja

Jibu: Mama, usiwapeleke vizimbani. Mtoto hataona chochote ila migongo ya watu, na bibi hawezi kukaa saa kumi bila choo, kiti wala chakula cha wakati wake. Saa sita hiyo hiyo fataki hurushwa Central Park, na huko mnaweza kuondoka mnapotaka. Times Square wapeleke mchana, siku mbili tatu kabla. Kwa kawaida hapo ndipo hufanywa jaribio la kumwaga vikaratasi vya rangi vya usiku wa Mwaka Mpya, mchana kweupe, na mtoto atavidaka kwa mikono yake.