Ukiruhusiwa Bunduki Moja Tu, Anza na Risasi Zake

Kabla hujaenda dukani, chukua karatasi uandike kazi ambazo bunduki hiyo itazifanya kweli, na umbali wa kila kazi. Andika zile zitakazotokea, achana na zile unazoziota. Ndege kwa mita 30. Sungura vichakani kwa mita 20. Nguruwe pori anayeharibu shamba kwa mita 50. Mlango wa nyumba usiku kwa mita 5. Pembeni andika kila kazi itatokea mara ngapi kwa mwaka. Wengi wakimaliza orodha hiyo hukuta kwamba hakuna kitu kinachozidi mita 75, na kwamba ile bunduki ya masafa marefu waliyokuwa wakiitamani ingekaa kabatini tu.

Sheria nayo itapunguza machaguo yako mapema. Leseni husema ni aina gani unaruhusiwa, na mara nyingi hutaja pia urefu wa mtutu, idadi ya risasi zinazokaa ndani ya bunduki na idadi unayoweza kuhifadhi nyumbani. Kuna nchi zinazokubali bunduki ya mitutu miwili lakini zinakataa ya pampu, yaani inayokokiwa kwa kuvuta kishikio cha mbele, na nyingine zinakataa kabisa zile zinazojikoki zenyewe. Soma hayo kabla hujalipa hata amana.

Kwa orodha ya namna hiyo, jibu langu ni bunduki ya marisau, ile inayorusha chembe nyingi kwa mpigo, ya geji 12, ya pampu, yenye choki (vibanio vya mdomo wa mtutu) za kubadilishwa. Siyo bora kwa kazi hata moja kati ya hizo. Ila ndiyo pekee inayobadilika tabia kwa kubadilisha kilichomo ndani ya ganda, na ndiyo sababu uchaguzi uanzie kwenye risasi badala ya jina la kiwanda.

Geji 12 maana yake ni kwamba gololi 12 za madini ya risasi, kila moja ikiwa na upana wa mtutu huo, zina uzito wa ratili moja. Upana wenyewe ni kama milimita 18.5. Ndani ya tundu hilo unaweza kupitisha vitu vya aina tatu.

Kwanza marisau madogo, ya ndege na wanyama wadogo. Namba 6 ndiyo ya kazi nyingi, lakini usiamini namba peke yake: Uingereza na Marekani hawahesabu sawa, kwa hiyo namba 6 ya Uingereza ni ndogo kuliko namba 6 ya Marekani. Tafuta kipenyo kwa milimita kwenye boksi. Kati ya milimita 2.6 na 2.8, kwa mzigo wa gramu 30 hadi 32, utapiga ndege na sungura hadi mita 30 au 35. Zaidi ya hapo chembe zimetawanyika na zimepoteza nguvu, mnyama anajeruhiwa na kukimbia. Kama unawinda penye maji, angalia kama madini ya risasi yamepigwa marufuku huko. Mbadala wake wa kawaida ni marisau ya chuma, ambayo ni mepesi, hivyo unapanda saizi mbili: palipotosha namba 6, nunua namba 4.

Pili marisau makubwa. Yanayojulikana zaidi yana kipenyo cha milimita 8.4, na ganda la kawaida hubeba 8 au 9. Haya ndiyo watu huyanunua kwa ulinzi wa nyumba, na hapa kuna uongo mmoja unaozunguka sana: eti huna haja ya kulenga. Kwenye mtutu usio na choki marisau hutanuka sentimita 2 hadi 3 hivi kwa kila mita. Kwa mita 5, yaani urefu wa sebule, hilo ni duara la upana wa kiganja. Usipolenga unakosa. Na chembe hizo hupenya ukuta wa mbao au jasi bila shida, kwa hiyo anayelala chumba cha pili yuko kwenye mstari wa hatari.

Tatu ni slagi, kipande kimoja kizito, kwa kawaida gramu 28. Hii ndiyo inayoigeuza bunduki ya ndege kuwa ya nguruwe. Kwa mtutu laini nunua aina ya Brenneke au Foster. Zile zenye koti la plastiki, ambazo risasi yake ni nyembamba kuliko mtutu, zimetengenezwa kwa mtutu wenye mifereji ndani. Kwenye mtutu laini haizunguki, inayumba na kwenda inakotaka. Ile michirizi ya ubavuni mwa slagi ya kawaida haiizungushi kiasi cha kuinyoosha kama risasi ya raifo. Kazi yake kubwa ni kubonyea slagi inapopita kwenye choki. Ukiwa na gololi ya shaba tu mwishoni mwa mtutu, mita 40 hadi 50 ndiyo mwisho wako wa haki. Ukifunga kilengeo cha nyuma na cha mbele, unaweza kufika 75.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Urefu wa risasi ya marisau ulioandikwa kwenye boksi hupimwa baada ya ganda kufunguka, siyo kabla. Risasi ya milimita 76 ikiwa haijapigwa ni fupi kuliko hapo, hivyo inaingia vizuri kabisa kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) ya milimita 70, na bunduki inafunga bila ubishi. Ukifyatua, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka, unabana njia, na presha inapanda kupita ile mtutu uliyojengewa. Soma mhuri kwenye mtutu wenyewe: 12/70 au 12/76. Bunduki za zamani nyingine zina 12/65. Usiache kununua yenye 76, maana hiyo inakula zote mbili, lakini risasi za kununua ziwe za 70. Za 76 hupiga teke kubwa na faida yake kwa kazi za kwenye orodha yako ni ndogo.

Choki ni kule kubana kidogo kwa mdomo wa mtutu. Ya wazi kabisa haibani chochote. Ya robo hubana kama milimita 0.25, ya nusu 0.5, iliyobana kabisa hufika milimita 1. Ukilazimika kuacha moja ndani mwaka mzima, acha ya robo. Inapitisha slagi salama, inatawanya vya kutosha kwa sungura wa karibu, na bado inafaa kwa ndege wa mita 30. Slagi usiipitishe kwenye choki iliyobana kabisa, wala marisau makubwa ya chuma. Na usifyatue hata mara moja bila choki kuwepo mahali pake, ukidhani umeifanya bunduki kuwa wazi: gesi na chembe hukwangua nyuzi, na baada ya hapo choki haiingii tena. Kila baada ya matumizi kadhaa ifungue, ifute, ipake grisi kidogo kwenye nyuzi, uirudishe. Choki iliyosahauliwa miaka miwili hutoka kwa fundi, tena kwa shida.

Kwa nini pampu? Inakubali mzigo mwepesi na mzito bila kulalamika, kwa sababu mkono wako ndio unaoiendesha. Bunduki inayojikoki yenyewe hutegemea nguvu ya risasi, na ukiipa mzigo wa gramu 24 wa mazoezi inaweza kukwama. Pampu nyingi pia zinakuruhusu kufungua kifuniko cha mbele cha bomba la risasi, kuchomoa mtutu mrefu na kuweka mfupi kwa dakika moja. Mossberg 500 na Remington 870 zimekuwepo kwa miongo mingi, hivyo vipuri vyake na mitutu ya ziada si vigumu kupata. Tofauti unayoihisi mkononi ni kitufe cha usalama: ya Mossberg iko juu, nyuma ya mwili wa bunduki, na kidole gumba cha mkono wowote kinaifikia, ya Remington inapita upande hadi upande nyuma ya triga. Anayetumia mkono wa kushoto ataipenda ya kwanza.

Ubovu mkubwa wa pampu uko kwa mtumiaji. Akiwa na haraka anavuta kishikio robo tatu badala ya kukifikisha mwisho, ganda tupu halitoki au risasi mpya haipandi, na triga inabonyezwa bila jibu. Dawa ni kuvuta kwa nguvu hadi ugonge mwisho, kila mara, hata kwenye mazoezi. Nunua risasi bandia tano za plastiki uzoee bila kupoteza baruti. Kasoro ya pili ni ganda kung'ang'ania chembani. Mara nyingi chanzo ni risasi za bei ya chini zenye kitako cha chuma zikikutana na chemba yenye kutu au mabaki ya plastiki. Brashi ya shaba ya chemba na mafuta kidogo humaliza tatizo hilo.

Kama pampu hairuhusiwi kwenu, mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, haikupunguzii sana. Unapata risasi mbili tu, lakini unapata choki mbili kwa wakati mmoja, na ukiikunja, mtu yeyote akikusogelea anaiona iko wazi na haina kitu. Slagi tu ndiyo huleta ubishi, kwa sababu mitutu hiyo miwili si lazima ipige mahali pamoja. Ijaribu kwenye karatasi kabla hujaiamini.

Ukubwa wa bunduki na mwili wako ni jambo la kuchukulia uzito kuliko jina. Ikague hivi: hakikisha haina kitu, simama, fumba macho, ipandishe begani kama unavyofanya siku zote, shavu likae kwenye mbao, kisha fumbua. Gololi ya mbele iwe katikati na mgongo wa mtutu uonekane kidogo tu. Ukiuona mgongo wote, kitako kiko juu kwako na utapiga juu. Usipouona kabisa, utapiga chini. Kati ya pua na kidole gumba kilichoshika kitako kuwe na nafasi ya vidole viwili au vitatu, la sivyo teke litakipeleka kidole puani.

Kwa mwenye mwili mdogo, au bunduki itakayotumiwa na watu wawili wa nyumba moja wenye miili tofauti, naiona geji 20 kuwa jibu bora kuliko watu wanavyodhani. Inapungua karibu nusu kilo, na slagi na marisau makubwa vinapatikana. Sharti lake moja ni zito: risasi za geji 20 na 12 zisikae kwenye mfuko mmoja kamwe. Ya geji 20 ikiingia kwenye mtutu wa 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba. Mtu anadhani hakuweka kitu, anatia ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano.

Bunduki iliyotumika usiikatae. Toa mtutu, utazame mwanga ukipita ndani. Kivuli cha duara mahali fulani ni dalili kwamba mtutu umevimba au umebonyea, na hapo unaacha. Pitisha vidole nje kuhakikisha. Kwenye mitutu miwili, ondoa kishikio cha mbele, ifunge, itikise: ikicheza imechoka. Komeo la juu la kuifungulia likiwa limesogea kushoto ya mstari wa kati, imefunguliwa na kufungwa mara nyingi sana.

Kuna orodha ambazo marisau hayawezi kuzijibu. Kama mnyama wako mkuu yuko mita 150 kwenye uwanda, nunua raifo ya bolti, ya kukoki kwa mkono, ya .308 (namba hizi ni kipenyo cha risasi kwa inchi), usahau ndege. Kama kuna nyati kwenye orodha, .375 H&H, ambayo ipo tangu 1912, imekuwa jibu la raifo moja kwa wawindaji wengi wa Afrika. Ila raifo inataka kitu kigumu nyuma ya shabaha kila unapofyatua: risasi ya .308 inaweza kufika zaidi ya kilomita tatu, wakati marisau madogo huishia ndani ya mita 300 hivi. Ukiwa na majirani, hesabu hiyo peke yake inatosha kuamua. Na .22 ni ya bei nafuu na ya kujifunzia, lakini siyo ya nguruwe. Bastola iache kwa anayelazimika kutembea nayo. Kama bunduki pekee ya nyumba ndiyo ngumu zaidi kulenga.

Ukishanunua, bajeti ya mwanzo iwe hivi: katoni moja ya 250 za mazoezi, gramu 24 au 28, boksi mbili za namba 6, marisau makubwa 25, slagi 25. Slagi usipige zaidi ya 10 kwa siku, maana bega likianza kuogopa, mkono unaanza kustuka kabla ya mlio na hakuna unachojifunza.

Kisha pima mtawanyiko. Tundika karatasi pana mita 36 mbele, piga moja katikati, chora duara la sentimita 76 mahali palipojaa zaidi, uhesabu matobo. Mzigo wa gramu 32 wa chembe za milimita 2.8 una chembe 250 hivi. Choki ya robo inatakiwa kuingiza kama nusu, ya nusu asilimia 60, iliyobana kabisa 70. Rudia mara tatu kwa kila aina ya risasi, maana risasi mbili za mzigo uleule kutoka viwanda viwili huweza kutofautiana sana kwenye mtutu mmoja. Ile iliyofanya vizuri, nunua hiyohiyo kila mara, na andika jina lake ndani ya mlango wa kabati unakofungia bunduki. Risasi zenyewe zifungie kwingine, pakavu, mbali na mafuta ya kusafishia, kwa sababu mafuta yakipenya kwenye fataki ya kitakoni risasi inaweza isiwake.