Jibu: Sauti inakwaruza kila baada ya dakika tatu

Kaka wa Chake, umeuliza namna ya kupitisha sauti ya studio, ndani ya bodi yako, kutoka draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Ethaneti, yaani mtandao wa waya, hadi draiva ya kodeki, chipu inayogeuza namba kuwa sauti, bila kuilemea prosesa, na kwa nini taarab yako inakwaruza kila dakika tatu na ushei.

La kwanza jepesi: usinakili data, pitisha kielekezi tu, yaani anwani ya data ilipo kwenye kumbukumbu. Tenga mapema bafa, yaani vipande vya kumbukumbu vya kuwekea data. Draiva moja ijaze, nyengine isome kwa DMA (kifaa kujichotea data kwenye kumbukumbu bila prosesa), kisha bafa tupu irudi. Ukizigusa sampuli (namba za vipimo vya sauti) kwa prosesa, tuseme kupunguza sauti, safisha kache (kumbukumbu ndogo ya prosesa) kabla DMA haijasoma, la sivyo utasikia mabaki ya data ya zamani.

Mikwaruzo ni jambo jengine kabisa. Saa ya studio na ya bodi yako, zinazopiga mwendo wa sampuli, hazilingani. Zikipishana sehemu 100 kwa milioni, kwenye 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, unapungukiwa sampuli karibu 5 kila sekunde. Akiba ya bafa ya milisekunde 20, yaani sampuli 960, inakwisha kwa sekunde 200. Dakika zako tatu na ushei ndizo hizo! Fuatilia ujazo wa foleni ya bafa, urekebishe kidogo kidogo PLL ya kodeki, yaani sakiti inayoipangia mwendo wa saa. Kuongeza bafa kunaahirisha tu, na sauti ya spika za nje itachelewa nyuma ya mwimbaji.