Jibu: Nyimbo zinakatika nikipiga ogani

Ndugu, unasema nyimbo unazopiga vizuri kwenye piano zinakatika ukihamia ogani ya kanisani, na unatafuta wapiga ogani wenzako. Ogani hulia kidole kikiwa kimekandamiza tu. Ukikiinua, sauti imekwisha, wala hakuna pedali ya kuibakiza. Jizoeze kubadilishana vidole juu ya noti ileile: cha pili kinashika, cha tano kinapokea bila kuiachia. Anza na sauti ya kwanza na besi, polepole mno. Mwisho wa mstari achia kidogo, waumini wapumue (hili wengi hulisahau). Kuhusu wenzako, mwone mwalimu wa kwaya wa parokia jirani, uombe kukaa kando ya mpiga kinanda Jumapili na kumfungulia kurasa. Wapiga vinanda hujuana. Ukimpata mmoja atakupeleka kwa wengine.