Hati mmepata, sasa andikaneni

Wiki iliyopita kijana mmoja kutoka Samburu, kaskazini mwa Kenya, aliniandikia: "Mama, hati ya ardhi ya jamii tumeipata. Kuna mwekezaji anataka kujenga kambi ya watalii na mkataba ameshauleta. Tufanyeje?" Nilimjibu usiku uleule. Najua wengi wenu mnaonisoma mnataka hichohicho: ardhi ya wazee iwalishe bila kuwatoka mikononi.

Asisaini mtu. Kwanza rejista, yaani orodha ya wanajamii wenye ardhi.

Ranchi yetu ilikuwa ya kikundi, yaani ardhi ya malisho ya pamoja, chini ya sheria ya 1968. Rejista yake ilikuwa na majina ya wanaume tu, wengi wao wameshazikwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilipokuja, kuna waliotaka orodha ileile inakiliwe, ibadilishwe kichwa tu. Nikiwa katibu, nilikataa katakata. Kila mtu mzima aandikwe: wajane, mabinti wasioolewa, morani, vijana wetu walioko malishoni. Tuliweka meza chini ya mgunga. Bibi mmoja alipokwisha kubonyeza kidole gumba kwenye wino, alimwambia mjukuu wake amsomee tena, ahakikishe jina lililoandikwa ni lake, si la marehemu mumewe.

Nilitukanwa. Niliitwa mwanamke wa makaratasi, nikaambiwa nimeleta fitina kati ya wake na waume. Mzee mmoja wa ukoo wetu hajaitikia salamu yangu mpaka leo. Inaniuma, sitaficha.

Lakini kampuni ya kwanza ilipofika na mkataba wa miaka 25, umeandikwa kwa Kiingereza na nafasi za sahihi za wanakamati watatu ziko tayari, tulikuwa tumejipanga. Nilisoma kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii mbele ya mkutano, kwa Kisamburu, polepole. Mkataba wa uwekezaji ni lazima ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo na wenye akidi, yaani idadi ya lazima ya wahudhuriaji, ya theluthi mbili. Ni lazima pia ugusie athari kwa mazingira na utamaduni, fidia na mrabaha, na namna ardhi itakavyorekebishwa shughuli ikiisha. Karatasi yao ilitaja kodi ya mwaka, basi. Mkutano ukaikataa, na waliopiga kelele zaidi ni wale akina mama ambao rejista ya zamani haikuwajua.

Miaka ya kungoja ofisi za ardhi sitaisimulia. Leo malori yanayochota mchanga kwenye laga yetu, mto wa msimu, yanalipa. Risiti hutoka nakala tatu: moja ya dereva, moja ya mweka hazina, moja hubandikwa ukutani dukani, kila anayenunua sukari aisome. Basari za watoto wetu zinatoka humo. Kambi ya watalii tumempa mwekezaji mwingine, kwa muda mfupi, na mkataba unasema wakati wa kiangazi ng'ombe wanapita. Najivunia kifungu hicho kuliko chochote nilichowahi kuandika.

Kwa hiyo nisikilizeni. Ibara ya 63 ya Katiba ya 2010 imeipa jamii ardhi yake, lakini hakuna afisa atakayekuja kuwageuzia ibara kuwa karo ya shule. Msitafute mfadhili kabla hamjawatafuta wanachama wenu. Semina na fulana zitakuja, zipokeeni, kisha rudini kwenye rejista. Kamati ni ya watu 7 hadi 15: wekeni wanawake wenye sauti, si mmoja wa kuchemsha chai. Someni sheria kwa lugha ya nyumbani. Someni tena.

Na wewe mwanangu uliyeniandikia, mwambie mwekezaji angoje. Akikasirika, mwache aende, atakuja mwingine. Mkutano uitisheni mvua ikishanyesha na morani wamerudi na mifugo, maana bila wao theluthi mbili hamtaipata.