Fulana ya kuzuia risasi siyo swali la kwanza

Swali linaloongoza inboksi kwangu, hasa kutoka kwa vijana wanaotaka kwenda kuripoti vita, ni fulana ya kuzuia risasi inapatikana wapi na ni bei gani. Nawaelewa, ndiyo inayoonekana kwenye picha. Ila mimi huwa nawarudishia maswali matatu: kipande cha bomu kikikupata pajani nani atazuia damu, nani anajua saa hii uko wapi, na hospitali ikitaka hela kabla ya kukugusa nani analipa? Kama hayo hayana majibu basi bado hujajiandaa, hata uvae fulana mbili.

Tuanze na damu maana ndiyo yenye haraka. Tim Hetherington, mpiga picha Mwingereza, alipigwa na vipande vya kombora Misrata kule Libya, Aprili 2011, akaishiwa damu kabla hajafika hospitali. Rafiki yake Sebastian Junger alikuja kuelewa baadaye kwamba kuna mambo ya kawaida kabisa ya huduma ya kwanza ambayo pengine yangemnunulia muda, basi akaanzisha RISC, shirika linalowafundisha bure waandishi wa kujitegemea namna ya kumuokoa mwenzao. Nafasi zao zinagombaniwa, kwa hiyo omba mapema na ukikosa omba tena.

Mafunzo haya kwa ujumla wake wenyewe wanayaita HEFAT, yaani mafunzo ya mazingira hatarishi pamoja na huduma ya kwanza, na jamani usidhani utayapata kwa kuangalia video. Kwenye yale niliyohudhuria mimi tulifungana tonikwiti, ule mkanda wenye kijiti cha kuzungusha unaobana mkono au mguu mpaka damu isimame. Jamaa mmoja alizungusha kijiti, mwenzake akaguna, akaacha kwa huruma. Mkufunzi akainama akaweka vidole juu ya unyayo wa yule aliyelala akasema mapigo bado yapo, huyu anakufa, zungusha. Akazungusha tena, mtu akapiga kelele za kweli, mkufunzi akapapasa tena akatikisa kichwa, bado, endelea. Hapo ndipo wote tulielewa kwamba tonikwiti isiyouma haijafanya kazi. Inakaa vidole vitatu vinne hivi kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, siyo kwenye goti lenyewe wala kiwiko, na kama hulioni jeraha vizuri unapandisha mpaka mwanzo kabisa wa mkono au mguu, unakaza, unaandika saa uliyoifunga, halafu huilegezi mpaka mfike kwa daktari. Kinena na kwapa haifungiki, huko unashindilia shashi ndani ya jeraha na kukandamiza kwa nguvu zako zote, na usiache kukandamiza kwa sababu tu umechoka.

Beba mbili, zitoe kwenye plastiki zake, ziweke mahali ambapo mkono wowote unafika hata ukiwa umelala chali. Na kuwa makini na feki, mtandaoni zimejaa, kijiti kinakatika ukikaza.

Fulana sasa, maana najua mnaisubiri. Ile laini peke yake inazuia risasi za bastola, ya AK inapita. Kwa bunduki unahitaji mabamba magumu mbele na nyuma, kwa vipimo vya Marekani vilivyozoeleka ni daraja la III au IV. Mabamba ya kauri ukiyaangusha yanaweza kupasuka kwa ndani usione, kwa hiyo ya mtumba ambayo hujui historia yake achana nayo. Usichukue ya rangi za kijeshi hata ukipewa bure, utafanana na mpiganaji. Halafu nchi nyingi zinahesabu fulana na helmeti kama vifaa vya kijeshi, unahitaji kibali cha kuingia navyo, ukifika uwanja wa ndege bila karatasi vinabaki pale. Wasio na uwezo wa kununua, Waandishi Wasio na Mipaka (RSF) wa Paris huazimisha fulana na helmeti, na hilo ni bora kuliko kukopa hela ununue ya kuvaa wiki mbili.

Nani anajua uko wapi. Hapa ndipo wengi wanafanya mchezo. Siyo kumtumia shemeji lokesheni kwenye WhatsApp. Unaandika mpango: natoka saa ngapi, napita barabara ipi, nalala wapi, nitapiga saa ngapi, na la muhimu zaidi, nisipopiga nani anafanya nini. Nusu saa baada ya muda huo, mtu niliyemwachia mpango ananitafuta, saa moja anampigia dereva, saa mbili anampigia mhariri, baada ya hapo ubalozi na mashirika, na namba zote hizo anazo tayari kwenye karatasi. Mtu huyo awe na kichwa baridi, siyo lazima awe anayekupenda kuliko wote. Mimi mama yangu simpi kazi hiyo.

Kuna na fomu ya uthibitisho wa uhai, unaandika maswali ambayo majibu yake unayajua wewe tu na hayapo popote kwenye akaunti zako, ili ukitekwa na mtu akajifanya anakushikilia, familia ijue kama ni kweli na kama uko hai. Kujaza fomu ile kunatisha, sikatai. Jaza. Rory Peck Trust ya London wana fomu za namna hii pamoja na za tathmini ya hatari kwenye tovuti yao, bure. Shirika lenyewe lilianzishwa 1995 kwa jina la Rory Peck, mpiga picha wa kujitegemea aliyeuawa Moscow mwaka 1993, na linahudumia frilansa tu, yaani wanaojitegemea: linasaidia ada za mafunzo na lina mfuko kwa waliopata majanga.

Bima. Bima ya kawaida ya safari ukisoma yale maandishi madogo inasema vita haimo, kwa hiyo uliyonunua pamoja na tiketi haina kazi huko. Tafuta inayotaja vita kwa jina, inayolipa kukuhamisha ukiwa majeruhi mpaka nchi yenye hospitali ya maana, na inayotaja nchi unayoenda maana wanabadilisha orodha. RSF wana mpango wa bima hata kwa wasioajiriwa. Kama umetumwa na chombo, kilipe chenyewe. Kuna chombo kimoja kiliwahi kuniambia kitanunua picha nikirudi salama lakini hakiwezi kusema kimenituma, nadhani maana yake unaipata, nikakataa na sijajuta. Tangu 2015 kuna kanuni za usalama wa frilansa, sasa zinasimamiwa na ACOS Alliance, na vyombo vilivyosaini vimekubali kumjali frilansa kiusalama sawa na mwajiriwa wao. Uliza kama chako kimesaini kabla hujapanda ndege.

Mambo yakishaharibika, CPJ, kamati ya kulinda waandishi iliyoko New York, wana msaada wa dharura wa matibabu, kuhama, hata wakili. Shirikisho la Kimataifa la Waandishi wa Habari la Brussels lina mfuko wake wa usalama. Wanawake wana mfuko wa dharura wa IWMF, shirika la kimataifa la waandishi wanawake. Ukikamatwa au ukipotea kwenye vita, Msalaba Mwekundu, ICRC, wana simu maalumu ya waandishi tangu 1985, familia au mhariri anaweza kupiga. Hawatapiga kelele kwenye vyombo vya habari na hawaahidi kukutoa, kazi yao ni kukutafuta, kuomba wakuone na kupeleka taarifa nyumbani. Wote hawa watataka ushahidi kwamba wewe ni mwandishi, kwa hiyo weka pamoja viungo vya kazi zako, barua ya mhariri na watu wawili wa kukutambua, ziwe kwa mtu aliyebaki maana wewe unaweza usiwe na mkono wa kuandika.

Kisheria wewe ni raia, Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 79, inasema hivyo, mradi usifanye jambo la kuvunja hadhi hiyo. Kwa hiyo usishike bunduki hata ya kupigia picha. Je, sheria inazuia risasi? Haizuii. Mwandishi Marie Colvin na mpiga picha Rémi Ochlik waliuawa Homs Februari 2012, na mwaka 2019 mahakama ya Marekani ikasema serikali ya Syria ya wakati ule iliwalenga kwa makusudi. Somo la pale ni kwamba simu ya setilaiti na matangazo ya moja kwa moja yanaweza kuonyesha ulipo. Ongea kifupi, halafu hama.

Simu ya kawaida: beba isiyo na maisha yako yote ndani. Zima kufungua kwa uso na kidole, kwenye kizuizi mtu anakuwekea simu usoni inafunguka, umekwisha wewe na vyanzo vyako. Ukikaribia kizuizi izime kabisa. Kwenye Signal, app ya ujumbe wa siri, weka ujumbe ujifute. Ukihisi imeingiliwa, Access Now, shirika la haki za kidijitali, wana dawati la msaada la saa 24, halilipishwi.

Kichwa nacho kinaumia. Utafiti wa Anthony Feinstein uliotoka 2002 ulikuta zaidi ya robo ya waandishi wa vita aliowapima walishawahi kupata msongo ule wa baada ya kiwewe. Dart Center, kituo cha masuala ya waandishi na kiwewe, kimetoa miongozo mizuri, na tafuta mtaalamu anayeijua kazi yetu, usije ukatumia kikao kizima kumweleza mtu kwa nini ulienda.

Na sasa fiksa, yule mwenyeji anayetutafsiria na kutupangia safari, na dereva, ambao makala za namna hii huwa zinawasahau. Oleksandra Kuvshynova wa Ukraine alikuwa na miaka 24, akifanya kazi na timu ya Fox News nje ya Kyiv, Machi 2022, akauawa pamoja na mpiga picha Pierre Zakrzewski. Watu kama yeye ndio wanaojua tupite wapi, halafu sisi tukiondoka wao wanabaki hapohapo na majirani waliowaona nasi. Kwa hiyo ukiomba fulana omba na yake, tonikwiti na yake pia, akisema barabara leo siyo nzuri mjadala umeisha, na usiweke jina lake kwenye habari mpaka akubali mwenyewe. Kabla ya safari muulize mhariri kama bima inamhusu fiksa na dereva. Muulize kwa barua pepe, siyo kwa simu, jibu likija litunze.