Kamera moja, wagonjwa 12 kwa siku: swali kutoka Buzuruga

SWALI: Shikamoo Daktari. Ni meneja wa polikliniki hapa Buzuruga, Mwanza. Tuna daktari bingwa wa mfumo wa chakula anayekuja siku mbili kwa wiki, na kamera moja ya tumbo (ule mpira mrefu wenye kamera unaopitishwa mdomoni). Tangu kitita kipya cha bima (orodha ya huduma na bei zinazolipwa) kianze Machi 2024, kinachobaki baada ya gharama ni kidogo, madai yetu yanakatwa, na sasa bima ya afya kwa wote inakuja. Mkurugenzi anataka tutoke wagonjwa 5 kwa siku twende 12. Fundi aliyetuuzia kamera anasema inawezekana tukifupisha kuosha, kwa sababu kamera inapita njia ya chakula tu, si upasuaji. Tena kuna kijana anataka kukodi chumba aweke mashine ya kupima mwili mzima. Unatushauri nini?

JIBU: Marahaba, meneja. Nianze na fundi, maana mengine yote yanamsubiri yeye.

Hiyo kauli ya "njia ya chakula tu" naisikia kila nikikaa na watu wanaofungua kliniki huku Kanda ya Ziwa, na anayeisema huwa ni mtu ambaye hajawahi kushika brashi ya kuoshea kamera. Haya, tumbo si mahali safi, nani anabisha? Lakini kamera yako inachukua vinyama, yaani vipande vidogo vya kupeleka maabara. Koleo likikwanyua, damu inatoka, na ile damu pamoja na ute vinavutwa kupitia kijia chembamba kilichomo ndani ya kamera, ambako jicho halifiki. Mgonjwa wa pili akilazwa, anapokea kilichobaki humo. Homa ya ini B, homa ya ini C, salmonela, hata H. pylori mwenyewe, bakteria wa vidonda vya tumbo tunayemtafuta, wote wameshaambukizwa kwa kamera zisizooshwa vizuri. Na homa ya ini B si ugonjwa wa kutafuta kwa tochi hapa kwetu.

Kosa la pili, ambalo hata wauguzi wazuri wanalo, ni kudhani dawa ndiyo inayosafisha. Dawa inaua vijidudu juu ya kitu ambacho tayari ni safi. Juu ya ute uliokauka inapita tu, tena baadhi ya dawa hizi zinaugandisha zaidi. Kinachosafisha ni mkono.

Kwa hiyo nieleze kinachotakiwa kutokea kwenye sinki lenu. Kamera ikitoka mdomoni, inafutwa na kuvutishwa maji ya sabuni palepale kitandani, kabla haijakauka. Ikifika sinki inajazwa hewa na kuzamishwa, mtu anaangalia mapovu. Inayovuja haiendelei, inakwenda kwa fundi. Kisha sabuni ya vimeng'enya na brashi ndefu. Brashi inaingia kila kijia, inatokea upande wa pili, kichwa chake kinasuguliwa kwa vidole chini ya maji ndipo inavutwa kurudi. Ukitoka kumpima mtu mwenye choo cheusi, mara ya kwanza inatoka na utando wa rangi ya kahawa, mara ya pili na vipunje, na unaendelea mpaka itoke nyeupe. Ndipo suuza, ndipo dawa: glutaraldehaidi kwa kawaida dakika 20, OPA (dawa nyingine ya aina hiyo) dakika 12, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Suuza tena kwa maji yaliyochujwa, pitisha spiriti, puliza hewa mpaka vijia vyote vikauke, tundika wima kabatini.

Hapo kwenye maji niseme kidogo. Mwanza tunalala kando ya ziwa lakini bomba likikatika sote tunaangalia tanki la uani. Maji yaliyolala tankini yana bakteria wanaopenda sana sehemu yenye unyevu na giza, na kijia cha kamera isiyokaushwa ni nyumba yao halisi. Bila kichujio kwenye bomba la kusuuzia, unaichafua kamera uliyotoka kuisafisha. Na tafadhali, isirudishwe kwenye lile sanduku lililoileta. Sanduku ni la kusafiria. Sponji yake inanyonya unyevu na haioshwi.

Kazi hiyo, kwa mtu anayeijua, inakula kama saa nzima. Ongeza dakika 20 za kumwandaa na kumpima mgonjwa, unapata saa 1 na dakika 20 kwa kila mmoja kwa kamera moja. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri ni wagonjwa 5. Kwa hiyo wale 5 ambao mkurugenzi anaona ni uzembe ndiyo hesabu yenyewe. Polikliniki yenye kamera moja inayopima 12 kwa siku hiyo hiyo ina hatua imerukwa. Muulize fundi wako ataruka ipi, na umwombe aiandike kwa jina lake na sahihi.

Kuna kingine kinachofupishwa kimyakimya: dawa yenyewe. Beseni moja linatumika mwezi mzima, kila kamera inaingia na maji yake na kuizimua, na hakuna anayechovya stripu kuona kama bado ina nguvu. Dawa nyingi za aina hii zikishafunguliwa kwenye beseni hazivuki siku 14, na stripu ikikataa siku ya 6, inamwagwa siku ya 6. Najua bei yake. Ndiyo maana nataka iingie kwenye hesabu yenu ya gharama ya kila mgonjwa. Kuigundua mwisho wa mwezi hakuwasaidii.

Mkurugenzi akisema natia chumvi, msimulie ya Las Vegas, Marekani. Mwaka 2008 iligundulika kwamba kliniki ya endoskopia, yaani ya kamera kama yenu, iliyokuwa ikipima watu wengi sana kwa siku ilikuwa ikibana matumizi ya dawa ya usingizi: bomba la sindano lililokwisha kutumika linarudishwa kwenye chupa, na chupa iliyokusudiwa mtu mmoja inaendelea kwa anayefuata. Watu zaidi ya 40,000 waliitwa kupima homa ya ini na Ukimwi. Kliniki ilifungwa, na mwaka 2013 daktari mwenye kliniki alitiwa hatiani. Walichookoa kilikuwa nusu chupa ya dawa.

Sasa pesa. Sibishani nanyi kuhusu bei. Kitita kilipobadilika 2024 hospitali binafsi zilipiga kelele, na baadhi zikasitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ukiwa na jenereta la kuwasha na mishahara ya kulipa, unaelewa kwa nini. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ina maana kwamba mgonjwa anayekulipa taslimu leo, kesho atakuja na kadi. Wataongezeka, hasa ninyi mlio Buzuruga, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko ndipo aje Mwanza. Mkitaka 12 kweli, njia ipo: kamera tatu, na mtu wa sinki ambaye siku hiyo hana kazi nyingine, hapokei simu, haitwi mapokezi. Kamera ya mtumba si dhambi, mradi ije na brashi za ukubwa wake, kifaa cha kupimia mvujo na mtu wa kuitengeneza aliye karibu kuliko Dubai.

Kabla ya kununua, lakini, angalieni mnampima nani. Nina hakika nikifungua daftari lenu nitakuta kijana wa miaka 24 mwenye kiungulia cha wiki mbili amepigwa kamera, halafu mnashangaa dai limekatwa. Huyo alihitaji kipimo cha kinyesi cha H. pylori, akiwa ameacha omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi) wiki mbili na antibayotiki wiki nne, basi. Kipimo cha damu cha haraka kiacheni kabisa: mtu akishapona kingamwili hubaki kwenye damu muda mrefu, kwa hiyo kinasema "chanya" kwa mtu asiye na bakteria. Nimekutana na watu waliomeza dozi ya H. pylori mara tatu kwa bakteria aliyekwisha kufa kwenye dozi ya kwanza.

Kamera ni ya anayemeza kwa shida, anayekonda bila sababu, aliyeishiwa damu, mwenye choo cheusi, mtu mzima ambaye tumbo limeanza kumsumbua ukubwani. Na huyo akipimwa, andikeni hivyo kwenye fomu. "Maumivu ya tumbo" pekee ni kuomba makato. "Anameza kwa shida miezi miwili, amepungua kilo 7, kiwango cha damu (Hb) 8" hakuna mhakiki mwenye akili timamu atakayeikata. Daktari aandike sababu siku hiyo hiyo akiwa chumbani, ugonjwa ulioandikwa ulingane na kipimo, picha na majibu ya kinyama viambatane na dai. Kliniki nyingi zinamwachia karani kujaza fomu za mwezi mzima tarehe 30 usiku, akibuni asichokiona, halafu lawama zinakwenda kwa mfuko.

Na aliyetapika damu msimpime ninyi. Huku ziwani mvuvi au mtu wa visiwani akitapika damu, fikirieni kichocho cha tumbo kilichokwisha kulitia ini makovu na kuvimbisha mishipa ya umio, lile bomba la kushushia chakula. Mishipa hiyo inafungwa kwa mipira, damu ya kuongezwa ikiwa tayari pembeni. Wekeni dripu, pigeni simu hospitali ya Bugando, gari liondoke.

Nimebakisha kijana wa mashine. Mgonjwa anashika fimbo ya chuma, kompyuta inalia kidogo, inatoka karatasi yenye asilimia za ini, figo, kongosho na "sumu mwilini". Meneja, fimbo haioni ini. Mshikishe leo na kesho uone kama asilimia zitafanana. Kwa bahati mbaya karatasi ile haitoki bure: nyuma yake kuna kopo la unga wa dawa, bei laki moja na zaidi, na kila anayeshika fimbo hukutwa na vidonda vya tumbo. Kodi ya chumba mtaipata, lakini mgonjwa akitoka humo atasema alipimwa kwenu.

Na hapa nawageukia wasomaji wengine, kwa sababu biashara hii iko stendi ya Nyegezi, iko Igoma, iko kwenye spika za magari ya matangazo, imepanda hadi redioni. Saratani ya umio ipo kwa wingi ukanda huu wa Afrika Mashariki, na wengi wanatufikia wameshindwa kumeza hata uji. Ukiuliza ilianza lini, unaambiwa mwaka jana, "ila nilikuwa natumia dawa ya vidonda vya tumbo". Nani alisema ni vidonda? Mwenye fimbo, au jirani, au mtu wa redioni aliyetaja dalili kumi ambazo kila mwenye njaa anazo. Mtaalamu wa tiba asili aliyesajiliwa na Baraza lake simgusi. Nawasema hawa wanaohama mji kila baada ya miezi mitatu na namba mpya ya simu.

Unga unaokata maumivu ya tumbo na ya mgongo na ya magoti kwa siku moja uogopeni zaidi. Dawa za unga zilizochanganywa kimya kimya na diklofenaki au prednisoloni, dawa za hospitali za kutuliza maumivu na uvimbe, zimekamatwa nchi nyingi, na diklofenaki ndiyo hasa inayotoboa tumbo. Mtu anajiona amepona wiki mbili, kisha choo kinakuwa cheusi kama lami, kinanata, kina harufu usiyoizoea. Kama humezi vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo hufanya choo kiwe cheusi, hiyo ni damu. Usimpigie aliyekuuzia kopo kumuuliza kama ni "sumu zinatoka", maana atakwambia ndiyo. Nenda hospitali usiku huo huo, na kopo ulibebe.