Likizo ya Juni na Madarasa ya Muziki na Maigizo: Majibu kwa Wasomaji wa Kusini

Barua zilizotufikia kutoka Mtwara na Lindi kuhusu madarasa ya muziki, ngoma na maigizo yanayofunguliwa kila shule zinapofungwa mwezi wa Juni ni nyingi kiasi kwamba safu ya toleo hili tumeitenga kwa ajili hiyo peke yake. Barua tumezifupisha na majina ya waandishi tumeyaacha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mtaani kwetu kumebandikwa tangazo la darasa la muziki na maigizo kwa watoto wa miaka 8 hadi 14. Ni la wiki nne, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku. Nilipokwenda kuuliza nilioneshwa kinanda kimoja cha umeme, nikaambiwa watoto watakuwa 30. Nina binti wa miaka 9 na kijana wa miaka 13. Je, niwaandikishe? Na nitangulie kuwanunulia kinanda cha nyumbani? — Mama wa watoto wawili, Shangani, Mtwara

JIBU: Dada yetu, tuanze na hesabu ambayo tangazo halikuiandika. Saa mbili ni dakika 120, na ukizigawa kwa watoto 30 wanaosubiri kinanda kimoja, kila mtoto anapata dakika 4 kwa siku, yaani dakika 48 kwa wiki zote nne. Darasa linaweza kuwa zuri hata hivyo, lakini uzuri wake hautatokana na kile kinanda, na swali la kumpelekea mwalimu ni hili: watoto 29 wanafanya nini wakati mwenzao mmoja anapiga? Mwalimu anayeijua kazi yake atakueleza bila kusita kwamba wanaimba ngazi za solfa (do, re, mi), wanajifunza mapigo kwa makofi na miguu, wanafanya mazoezi ya pumzi na matamshi, na kwamba kinanda yeye hukitumia zaidi kutoa sauti ya kuanzia. Akikujibu kwamba wanasubiri zamu zao, hapo umekwisha kupata jibu.

Kinanda usinunue sasa. Mwishoni mwa mwezi utaona ni mtoto gani anayefanya mazoezi bila kusukumwa, na huenda alichokipenda si kinanda. Kikija kununuliwa, tafuta chenye vibonyezo 61 vya ukubwa wa kawaida, kwa kuwa vile vidogo vinavyouzwa pamoja na vitu vya kuchezea vina vibonyezo vyembamba, na vidole vilivyovizoea hubabaika vinapokutana na kinanda cha kanisani au cha shuleni. Binti akichagua gitaa, atafutiwe la nusu au la robo tatu lenye nyuzi za nailoni. Nyuzi za chuma huumiza vidole vya mtoto, na kwenu Shangani, bahari ilivyo karibu, hushika kutu upesi.

Kuhusu kijana wako tungependa kusema zaidi, kwa kuwa walimu wengi wa kwaya hukosea hapa. Katika umri wake koo la mvulana hukua kwa haraka, nyuzi za sauti hurefuka na kuwa nene, na sauti hushuka kwa karibu oktava nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini yake. Kabla haijatulia hukatika katikati ya wimbo, wenzake wakacheka, naye akaapa kutoimba tena. Wapo walimu wanaomlazimisha mtoto wa namna hii abaki katika sauti ya kwanza pamoja na wasichana, na wapo wanaomnyamazisha kabisa mpaka sauti itulie. Kwa maoni yetu njia zote mbili zinamharibia. Aendelee kuimba, ila katika zile noti chache anazozifikia bila kukaza shingo, na muda mwingine wa kipindi apewe ngoma au sehemu katika igizo, ambako sauti inayokwaruza huweza hata kumfaa. Mweleze mwalimu jambo hili siku ya kuandikisha, mtoto akiwa hayupo.

Yaliyobaki ni machache. Dakika 15 hadi 20 za mazoezi ya nyumbani kila siku zinamjenga mtoto kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake. Mlango wa chumba cha mazoezi uwe wazi, kuwe na mtu mzima wa pili wakati wote, na watoto wawe nyumbani kabla ya magharibi. Mzazi anayetaka kuingia na kuketi nyuma aruhusiwe kufanya hivyo siku yoyote. Mwalimu anayekataa sharti hili la mwisho usimpe watoto wako, hata awe na vinanda kumi.

SWALI: Mwanangu wa miaka 10 anapiga dufu katika kaswida za madrasa yao. Je, darasa la muziki la likizo litamwongezea kitu, au litamvuruga? — Mzazi, Mikindani

JIBU: Litamwongezea, kwa kuwa mtoto wa kaswida tayari anajua kuanza na kuacha pamoja na wenzake, kushika pigo bila kuliharakisha na kutamka maneno yakasikika, mambo ambayo mwalimu wa muziki hutumia wiki ya kwanza nzima kuyafundisha. Kuhusu ala na nyimbo zipi zinamfaa, zungumza na ustadhi wake kabla ya kumwandikisha. Hakikisha pia kwamba saa za darasa hazigongani na za madrasa, kwa sababu zikigongana ni mtoto anayebebeshwa lawama pande zote mbili.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 11 anakuja kwangu kwa likizo akitokea Dar es Salaam. Ameyaona mapiko, ngoma yetu ya vinyago, kwenye simu na anataka afundishwe kucheza. Hajapita jandoni. Vijana wanaofundisha ngoma hapa kwetu wanasema siku hizi hakuna shida. Ninyi mnasemaje? — Babu, Newala

JIBU: Shikamoo, babu. Swali lako linahusu mambo mawili, na vijana wa hapo wameyachanganya. Ni kweli kwamba mapiko siku hizi huchezwa hadharani, katika sherehe za kiserikali na katika matamasha kama lile la MaKuYa la Mtwara linalowakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, na mtu yeyote anaruhusiwa kutazama. Kufundishwa ni jambo jingine. Kwa mila ya Wamakonde, kinyago cha mapiko na anayekivaa vimefungamana na jando, na yapo mambo ambayo kijana huoneshwa huko na hayatajwi nje. Sisi hatutayataja hapa, na wala hatuamini kwamba darasa la likizo la wiki tatu lina mamlaka ya kuyafungua. Mwenye neno ni wewe pamoja na wazee wenzako. Mkiona ni sawa, ni sawa. Mkikataa, mwalimu wa darasa hana rufaa.

Hata hivyo mjukuu asirudi Dar es Salaam mikono mitupu. Mpeleke kwenye ngoma zenyewe, na kinyago kisubiri wakati wake. Aanzie kwenye vinganga, vile vidogo vyenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, vinavyopigwa kwa vijiti viwili vyembamba. Mtu asiyezoea hudhani kwamba kazi yote iko kwa mpigaji wa ngoma kubwa, kwa sababu ndiye anayebadilisha mapigo na kuwapa wachezaji ishara, lakini mpigaji wa kinganga akiyumba kikundi kizima kinaanguka. Mtoto wa miaka 11 anayeweza kushika pigo moja la haraka kwa dakika tano, huku mwenzake akipiga mapigo matatu juu ya mawili yake na yeye asivutwe, amejifunza muziki wa kweli, na akienda kwenye gitaa au kinanda atakuwa mbele ya wenzake.

Asiache kujifunza utunzaji wa ngoma. Juni uwanda wa Makonde una baridi na ukungu, ngozi hulegea, na ngoma iliyolegea hutoa sauti butu. Mwacheni akoke moto wa majani makavu mwenyewe, azungushe ngoma mbele yake, na asikilize sauti ikipanda mpaka fundi aseme imetosha. Kwetu sisi hilo ni somo zima la usikivu, ingawa waandaaji wengi hulifanya wenyewe alfajiri watoto wakiwa bado wamelala.

Akitaka kucheza, sindimba inamtosha kwa sasa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, na baadaye kikundi cha taifa cha ngoma, sindimba ilikuwa miongoni mwa ngoma zilizovuka mipaka ya Kusini na kuchezwa nchi nzima, na tangu wakati huo haikukosa watu wa kuinung'unikia kwa sababu ya viuno. Fundi mwenye busara huwaanzisha watoto kwenye miguu na mabega, na wazazi wanaoijua ngoma hiyo watakubali kwamba ugumu wake uko humo.

Tunaongeza mawili kwa wanaoandaa madarasa. Kwanza, Juni na Desemba ndiyo pia miezi ya jando na unyago katika vijiji vingi, kwa hiyo waulizeni wazee kabla ya kupanga ratiba, na nyimbo za unyago zisipandishwe jukwaani na watoto kwa kuwa tu zina mahadhi matamu. Pili, mzee anayefundisha ngoma alipwe kama anavyolipwa mwalimu wa gitaa. Kumpa soda na shukrani si malipo.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Ninasoma Kidato cha Pili Masasi na ninapenda sana kuigiza. Nimesikia kuna chuo cha sanaa Bagamoyo. Baba anasema kuigiza si kazi. Je, naweza kwenda huko likizo hii? — Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanetu. Chuo unachokisikia kilianzishwa mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo ni taasisi ya serikali. Hufundisha maigizo, muziki, ngoma na sanaa za ufundi kwa ngazi ya cheti na stashahada, na anayejiunga anatakiwa awe amemaliza Kidato cha Nne. Zipo pia kozi fupi, lakini kutoka Masasi ni safari ya zaidi ya kilomita 600 kupitia Dar es Salaam, na kama huna ndugu wa kukupokea hatukushauri uende. Mwishoni mwa mwaka huu una upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili. Ukiupita vizuri, mazungumzo na baba yatakuwa mepesi zaidi. Kwa sasa jiunge na kikundi cha shule, kwa kuwa katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, kuna kwaya na ngoma pamoja na michezo, na jukwaa la hapo hapo Masasi litakufundisha mengi kabla hujalipa ada yoyote.

Tunamwomba baba naye asome mistari hii. Igizo moja lina waigizaji, lakini lina pia mafundi wa sauti na taa, washonaji wa maleba na waandishi, na mtaala wa shule za msingi wa 2023 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake, maana yake ni kwamba walimu wa kulifundisha watahitajika. Hatusemi kwamba kazi hizo ni rahisi kupatikana. Tunasema kwamba zipo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Nachingwea. Nataka kuwafundisha watoto 40 maigizo kwa wiki tatu za likizo. Sina ala, sina fedha, na sijawahi kuongoza igizo. Nianzie wapi? — Mwalimu

JIBU: Mwalimu, anzia kwenye kalenda ya mashamba. Juni kwenu ufuta unavunwa na wenye mikorosho wanapulizia salfa, na mtoto anayehitajika shambani asubuhi hatakuja darasani hata umbembeleze. Panga saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, mahali penye kivuli.

Wiki ya kwanza usigawe karatasi zozote. Waambie watoto waende kwa bibi na babu zao, kila mmoja arudi na hadithi moja, kisha wasimulie katika makundi ya watu wanane. Wewe sikiliza ni hadithi gani inawafanya waliokaa nyuma wasogee mbele, na hiyo ndiyo mtakayoigiza. Hadithi zetu nyingi zina wimbo ndani yake, unaoimbwa na msimulizi na kuitikiwa na wasikilizaji, na wimbo huo utakutatulia tatizo la ala pamoja na tatizo la idadi: watoto 15 wanaweza kuwa waitikiaji wanaokaa jukwaani muda wote, wakipiga makofi, makopo na debe, wakitoa milio ya mvua, ndege na hatua za fisi.

Wiki ya pili wacheze sehemu moja moja kwa maneno yao wenyewe, na kila sehemu ijaribiwe na watoto tofauti. Uhusika mkuu ugawe mwishoni mwa wiki hiyo. Ukiugawa siku ya kwanza, waliokosa huacha kuja, na aliyepata sehemu ya Sungura hujiona amekwisha kufika. Mtoto mwenye haya usimlazimishe kusema peke yake. Mpe mlio wa mvua kwanza, na mara nyingi ataomba maneno yeye mwenyewe.

Wiki ya tatu ni ya sauti na kusimama. Mweke mtoto mmoja umbali wa mwisho wa hadhira, ainue mkono kila anapokosa kusikia neno, na utashangaa jinsi wenzake watakavyorekebisha matamshi bila wewe kugomba. Igizo lisizidi dakika 25. Hotuba za wageni, kama hazikwepeki, ziwe baada ya igizo, watoto wakiwa wamekwisha kula.

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 ameimba vizuri katika onesho la mwisho wa darasa. Bwana mmoja anataka aimbe hotelini kila Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa tatu usiku, kwa malipo. Nikubali? — Baba, Lindi mjini

JIBU: Hapana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Bwana huyo amekosea katika yote mawili, na kama ni mtu wa biashara ya hoteli ni vigumu kuamini kwamba hakujua. Akirudi tena, mweleze afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu.